Mwaka Tuliouamini Upepo wa Mwambani

Wafula tulimzika Jumamosi iliyopita, kwao Matayos, na katika wasifu wote uliosomwa na mpwa wake mwenye suti iliyombana hakukuwa na neno hata moja kuhusu upepo. Tuliambiwa alikuwa fundi hodari wa dinamo za malori. Tuliambiwa alipenda kanisa, jambo ambalo yeye mwenyewe angelicheka, na kwamba aliwahi kuoa upande wa Teso ila Mungu akampenda mama zaidi. Basi, mama akaisha hapo, kwa sentensi moja, na mchungaji akatuomba tusimame. Mimi sikusimama. Magoti yangu yana visingizio vyake siku hizi, na hakuna anayemuuliza mwalimu mstaafu kwa nini ameketi. Lakini hayakuwa magoti, ilikuwa hasira. Huyo mama alikuwa na jina. Aliitwa Asio, na nilikaa kwake mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka ambao umenikaa kooni mpaka leo kama mwiba wa samaki.

Nilikuwa mwalimu asiye na cheti, nimepewa darasa la tatu katika shule moja nyuma ya Amagoro, mahali ambapo malori ya Malaba unayasikia lakini huyaoni. Asio na Wafula walinipa chumba kati ya jiko lao na ghala la wimbi. Ukuta wa upande mmoja ulinuka moshi, wa upande mwingine ukanuka nafaka, na zote mbili zilikuwa za udongo mwembamba kiasi kwamba nilijua mambo yao kabla wao hawajamaliza kuyasema. Mchana Wafula alishinda barabarani Malaba akifungua matumbo ya malori yaliyokwama kwenye foleni ya mpaka. Jioni alirudi na mabaki: nyaya, taa za nyuma, dinamo zilizoungua. Alizipanga juu ya meza ile ile tuliyolia chakula, na kila jioni Asio alikuja na sufuria ya ugali wa wimbi na mhogo, akasimama, akasema, "Fundi, toa huyu mgonjwa wako, watu wale." Wafula alihamisha dinamo yake polepole, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala, kisha tukala. Kunde zilizopikwa na njugu za kusaga, mara nyingine omena, wale dagaa wa ziwani, mara nyingine chumvi na shukrani. Juu ya paa letu zilipita nyaya kubwa za serikali, zikipeleka umeme kwa watu wengine. Wakati wa mvua zilitoa mlio mwembamba, na Wafula aliziinulia macho na kusonya.

Asio alikuwa na pumu. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye maneno makali, na pumu ilimjia katikati ya sentensi. Angeshika mwimo wa mlango, mabega yakapanda, nasi tukanyamaza kungoja pumzi irudi. Ikirudi alimalizia sentensi pale pale alipoiachia. Hakutaka kuhurumiwa. "Moshi wa jiko nimezaliwa nao," aliniambia, "tunajuana. Yeye ananifinya, mimi namfungulia dirisha." Basi ndivyo walivyoishi, yeye na moshi wake mmoja, mpaka Bosi alipokuja na habari ya moshi wa pili.

Bosi tulimwita hivyo kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina. Alikuwa na kiwanda kidogo cha sabuni, na alitaka kijiji kimpe kipande cha ardhi ya jumuiya kando ya kijito ajenge chumba cha mtambo. Angechoma makaa ya mawe, yale yale yanayopita Malaba kwa malori kwenda viwanda vya ng'ambo, achemshe maji, na mvuke uzungushe dinamo kubwa. Kiwanda kikishashiba umeme, wa ziada angeutoa kwa dispensari, shule, kinu cha posho, na nyumba za karibu. Nyumba ya karibu kuliko zote ilikuwa yetu. Bomba la moshi lingesimama mbele ya dirisha alilolifungua Asio.

Baraza lilifanyika darasani kwangu, kwa kuwa jua lilikuwa kali nje. Nawaona mpaka leo, wazee wamekunjwa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, na Bosi amesimama kwenye ubao wangu wenye hesabu za kutoa. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Aliongea kwa upole. "Upepo ni kitu safi, hata mimi naupenda," alisema, kwani tayari alikuwa amesikia fununu kwamba Wafula anataka kuwasha taa kwa upepo. "Lakini upepo unakuja ukipenda. Makaa ya mawe ni ng'ombe wako kwa boma, ukitaka kukamua unakamua. Sasa mama ameshikwa na uchungu pale dispensari, giza imeingia. Sista atamwambia, mama, ngojea kidogo, upepo iko njiani?" Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa chake.

Wafula akasimama, mikono yake imejaa grisi. "Hiyo ng'ombe ya Bosi inakula mawe," alisema, "na mavi yake itakaa kwa kifua ya watoto wetu." Kicheko kikahamia upande wetu. "Mimi dinamo naijua. Haijali nani anaizungusha. Mvuke, maji, mguu ya mtu kwa baiskeli. Inataka tu kuzungushwa. Makaa utanunua leo, kesho ununue tena, na siku lori imekosa kufika uko gizani. Upepo haujawahi kupandisha bei." Chifu, mtu wa maneno machache, akauliza swali ambalo Wafula aliliogopa. "Sawa, fundi. Huo upepo uko wapi hapa kwetu?" Hapo ndipo mama mzazi wa Asio alipoinuka. Nyumbani tulimwita Toto, maana yake mama kwa Kiteso. Na alipoinuka tu, Wafula akageuza uso akatazama dirishani, kama mkwe anavyotakiwa.

Lazima niseme jambo hili hapa, maana kila kitu kililitegemea. Kwao Wafula na kwao Asio walikubaliana katika mambo machache, na mojawapo ni kwamba mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali chungu kimoja, hawatazamani usoni. Toto akija nyumbani, Wafula alitoka kwa mlango wa nyuma. Akitaka kumwambia jambo alimwambia Asio, naye Asio akamwambia mama yake aliyekuwa anasikia kila neno kutoka upande wa pili wa ukuta. Mimi mgeni nilicheka mwanzoni. Baadaye niliona ni heshima nzuri, na hata leo, baada ya yote, siwezi kusema ilikuwa upuuzi.

"Upepo iko kwa mwamba," Toto alisema. Kila mtu aliujua mwamba ule, bapa, mpana, juu ya kilima kidogo nyuma ya shule, ambako wanawake walipepetea wimbi. "Nimepanda huko tangu nikiwa msichana. Hata siku moja sijawahi kupanda na wimbi nikarudi nayo chafu. Hata moja! Waulizeni hawa." Wanawake waliokuwa wamesimama nyuma wakaitika kwa pamoja kwamba ni kweli, mwamba haujawahi kuwanyima, na mmoja akapiga kigelegele. Lilikuwa neno la watu wazima, la watu waliokula jasho lao pale. Chifu akasema basi fundi apewe nafasi: awashe taa za dispensari kwa upepo, na kama hazitazimika mpaka wimbi jipya livunwe, Bosi atafute kijito kingine. Bosi akakubali, akatabasamu, akatuachia kila mtu kipande cha sabuni.

Ilikuwa Januari, kiangazi kimekauka. Wafula alichonga pangaboi la mbao, akalifunga kwenye dinamo ya lori, akasimamisha nguzo ya chuma mwambani kwa msaada wa nusu ya kijiji, na kuvuta nyaya mpaka kwenye betri za dispensari. Nilikuwako wanawake walipoendelea kupepeta pembeni yake. Waliinua ungo juu ya vichwa, wakamwaga, nafaka ikaanguka miguuni na makapi yakaruka kuelekea Malaba. Upepo ukilegea kidogo walipiga mluzi, mwembamba, wa kubembeleza, na Toto akaita, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Nao ukaja. Naapa ukaja. Pangaboi lilizunguka mpaka likawa duara tupu lisilo na mikono, betri zikajaa, na jioni ile taa za dispensari zikawaka nyeupe. Asio alichinja jogoo. Tulikula mlangoni, sahani mapajani, tukitazama mwanga ule ng'ambo ya shamba, na Asio akasema, "Angalia taa yangu. Haikohoi." Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena, na nimejaliwa mengi tangu hapo.

Mvua za Machi zilikuja mapema. Wiki ya kwanza tulifurahia, maana wimbi lilikuwa limeshapandwa. Kisha nikaanza kuona Wafula anachelewa kwenda Malaba. Alikaa mwambani chini ya nguzo yake, gunia begani, akitazama juu. Pangaboi lilikuwa limesimama. Mvua ya kwetu hutanguliwa na upepo mfupi wa alasiri kabla haijashuka, halafu hewa inakuwa nzito na tulivu siku kucha, usiku kucha, na majani ya migomba hayatikisiki. Taa za dispensari zikawa njano, kisha za rangi ya chai, kisha sista akarudisha koroboi yake mezani bila kumlaumu mtu. Wanawake walipanda mwambani na miavuli ya majani wakapiga mluzi mpaka midomo ikakauka. Mgeni hakuja. Nilimsikia Wafula kupitia ukuta akimwambia mkewe, "Labda nguzo ni fupi. Labda nimechonga vibaya. Mwamba ule haujawahi kunyima mtu, Asio. Kwa nini mimi?"

Asubuhi iliyofuata Toto alikuwa jikoni, anachagua mawe kwenye wimbi la uji. Wafula alikuwa upande wa pili wa ukuta, chumbani, anavaa viatu. Mimi nilikuwa na kikombe changu mlangoni. Asio alikaa chini karibu na mama yake, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Toto, na zile siku hakuna upepo, mwambani mlikuwa mnafanya nini?" Mama yake hakuinua hata kichwa. "Siku hakuna upepo? Nani anapanda mwambani siku hakuna upepo? Tunaangalia migomba hapa nyumbani. Ikitikisika, tunabeba ungo. Isipotikisika, tunalima." Kisha mikono yake ikasimama juu ya ungo. Aliitazama migomba iliyokuwa nje, imetulia kama picha. Upande wa pili wa ukuta kiatu kimoja kilianguka chini. Hakuna aliyetudanganya. Kila neno alilosema Toto barazani lilikuwa kweli. Walikuwa wanaujua upepo kwa siku zake nzuri peke yake, na sisi tukajenga juu ya siku hizo. Swali lile moja lingeweza kuulizwa mapema, ila mwenye haja nalo alikuwa mkwe, na mkwe hamhoji mama wa mke wake mbele za watu, wala nyuma yao.

Baraza la pili lilikuwa fupi. Bosi hakujigamba. Alisema tu, "Fundi alijaribu, tumpigie makofi," na makofi yale yalikuwa mabaya kuliko matusi. Kisha akasema mtambo wake ungehitaji mtu anayejua dinamo, na kijiji kizima kikageuka kumtazama Wafula. Alikataa. Alikataa kwa siku kadhaa, na nilisikia kila neno la kukataa kwake. Asio ndiye aliyemvunja. "Usipokwenda wewe ataenda mwingine ambaye hajali," alisema. "Wewe ukiwa pale, upepo ukigeukia kwangu, utapunguza moto kidogo." Akapumzika avute pumzi. "Si ndiyo?" Wafula akasema ndiyo, ingawa sote watatu tulijua moto wa mtambo haupunguzwi kwa ajili ya mtu.

Nataka kuwa mkweli kuhusu makaa ya mawe, kwa sababu vijana wa siku hizi wakinisikia wanadhani ninahubiri. Makaa yalifanya kila kitu Bosi alichoahidi. Taa ziliwaka mvua na jua. Kinu cha posho kikanguruma, wanawake wakaacha kubeba mahindi mpaka Malaba. Mama walijifungua chini ya mwanga. Nilisahihisha madaftari mezani bila kuumiza macho, chini ya balbu aliyoifunga Wafula mwenyewe, na nilipenda balbu ile. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikaa nikiipenda huku upande wa pili wa ukuta Asio anakohoa. Nguo nyeupe ziliacha kuwa nyeupe. Sukuma wiki tuliiosha mara mbili na bado ilikwaruza menoni. Wafula alirudi jioni mweusi mpaka kwenye nyusi, akanawa kijitoni kwanza asimletee mkewe vumbi, lakini vumbi lilikuwa limeshatangulia kwa njia ya dirisha. Asio alilifunga dirisha lile, basi moshi wa jiko ukakosa pa kutokea. Walimpeleka kwa dada yake kule Amukura, mbali na bomba, akapata nafuu, akanenepa hata, halafu akarudi kwa miguu yake. Nilimgombeza. Nilimwambia ahame. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nihame kwetu, Mwalimu? Huyo moshi ndiye mgeni. Mimi ndiye mwenyeji."

Desemba upepo ulirudi, kama unavyorudi kila mwaka. Migomba ilianza kutikisika alfajiri na kuendelea kutwa. Hakuna aliyekuwa ameliteremsha pangaboi, ila nyaya zilikatwa na dinamo ilikuwa imeng'olewa kuwa spea mtamboni. Asio alikuwa hawezi tena kulala chali. Alikaa kitandani ameegemea magunia ya wimbi, na kila pumzi aliitafuta kama mtu anayetafuta sindano. Siku moja, baada ya chakula cha mchana ambacho hakukigusa, alisema anataka kwenda mwambani kuona wenzake wakipepeta. Wafula alimpakia kwenye baiskeli akaisukuma, na Toto akamshika mgongo asianguke. Nilitembea nyuma yao nimebeba mkeka. Nilimwona mkwe na mama mkwe wakipanda kilima kile, kila mmoja ametazama upande wake, na mtu mmoja kati yao anayewaunganisha.

Pangaboi lilikuwa linazunguka kwa nguvu, halizungushi chochote. Wanawake waliacha kazi wakamwamkia Asio, kisha wakarudi kwenye ungo kwa sababu ndivyo alivyotaka. Alikaa mkekani, kitambaa chake kikipigapiga shingoni. Upepo ukalegea kidogo, kama kawaida, na wanawake wakajiandaa kuuita. Asio akainua mkono kuwazuia. Alitaka kuuita yeye. Akakaza midomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, mabega yakapanda hadi masikioni, na hakikutoka hata mluzi wa mtoto, hewa haikuwamo. Hakuna mwanamke aliyethubutu kupiga kwa niaba yake. Wafula alikuwa amesimama chini ya nguzo akilia waziwazi. Na hapo, bila kuitwa na mtu, upepo ukaja, mkubwa, ukapeperusha makapi na vilemba na kila kitu, na pangaboi likalia juu yetu. Asio akalitazama. "Umekuja," akasema, neno kwa neno, akipumzika katikati. "Mwenyeji... ameshalala." Tukamzika kabla ya kiangazi kile kuisha. Mimi nikaomba uhamisho, na Wafula akarudi Matayos.

Nilimtembelea mara ya mwisho mwaka jana. Umeme wa serikali umefika kwake sasa, na mpwa wake mwenye suti alimwambia kwa fahari kwamba mwingine unatoka kwenye mapangaboi makubwa kule kaskazini, jangwani, ambako upepo haulali. Mtambo wa Bosi ulifungwa zamani, bomba limebaki linaota majani. Nilidhani habari ya kaskazini ingemfurahisha. Alisikiliza, akakuna goti. "Huko walipima," alisema. "Kabla ya kuchimba shimo walikaa wakapima, siku mbaya na siku nzuri." Kisha akanigeukia, mzee yule, kwa macho ya mtu aliyelibeba neno hilo miaka yote. "Mwalimu, lilikuwa swali moja. Ningemuuliza tu Toto. Kwani heshima ingevunjika?"

Jumamosi, walipokuwa wanamshusha kaburini, upepo ulivuma kutoka upande wa ziwa ukainua hema la waombolezaji. Kipaza sauti kikakoroma, viti vya plastiki vikaanguka, vijana wakakimbilia nguzo wakizishika kwa mikono miwili na kuulaani upepo kwa nguvu. Mama mmoja karibu yangu, aliyeshikilia kilemba chake, akasema, "Ai, huu upepo nao! Imetoka wapi leo?" Nikainuka, magoti na yote, nikaenda kushika nguzo pamoja nao, na sikuiachia mpaka udongo wa mwisho ulipomwagwa.